Upande wa Floribert

Mimi sijawahi kuacha nafasi tupu kwenye karatasi. Waulize waliofanya kazi mjini miaka ile, kama wako hai bado: dosye ya karani Chomba, wa kwa avoka yule wakili Mbelgiji, hairudishwi. Wengine walipeleka karatasi zao tribinali, mahakamani kwa juge, wakarudishiwa kama bukari isiyoiva, hapa hakuna jina la baba, pale hakuna namba ya nyumba. Zangu hapana. Mapadri wa Sakania walinichapa fimbo mpaka mwandiko wangu ukanyooka, nami nilijivunia mwandiko huo kuliko Brigitte, mke wangu, alivyojivunia mapishi yake. Brigitte alikuwa akinitania kwamba siku nikifika mbinguni nitamwomba Mungu fomu nijaze. Nilicheka, wakati ule.

Ninayoyasimulia ni ya mwaka wa sitini na moja. Lubumbashi ilikuwa ikiitwa bado Elisabethville, na Katanga ilikuwa ikijiita nchi, na bendera yake na stempu zake. Kwa kuwa nilisomea kwa mapadri, naandika Kiswahili cha vitabu. Lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema, maana nikianza kuwanyoosha hata wao, itakuwa sijajifunza kitu.

Mama Martine Kalenga aliingia ofisini kwetu mwisho wa Julai, Jumanne asubuhi, kwa magongo mawili. Mguu wake wa kulia ulifungwa plasta toka paja mpaka vidole. Alikuwa mshonaji wa Komini Kenya, kitongoji cha mji wetu, mtu wa jimbo la Kasai, na mjane wa wiki nne. Metre, yule avoka Mbelgiji niliyemfanyia kazi, alimsikiliza nusu saa, kisha akaniachia mimi nijaze karatasi, kama kawaida yake.

Mume wake, Floribert, alikuwa dereva wa kamio, lori lililobeba wachuuzi kwenda Kasumbalesa mpakani na kurudi. Madereva wa njia ile wanajua taabu yake: ukivuka mpaka kuingia Rhodesia unashika kushoto, ukirudi kwetu unashika kulia, na mtu aliyechoka husahau. Floribert alikuwa na dawa yake. Alikuwa na kitambaa chekundu, na kila akivuka mpaka alisimama kukifunga kwenye kioo cha pembeni, upande anaotakiwa kushika. Mke wake akisafiri naye, kukifunga ilikuwa kazi ya mke wake. Siku ile walirudi na magunia ya unga na sabuni, na Martine mwenyewe alikuwa amekifunga kitambaa kulia, kwa mikono yake.

Walipofika kilima kilicho kabla ya daraja, gari dogo la kijani lilitokea juu likiwa upande wao. Ndani alikuwemo mzungu, mmoja wa wale askari wa kukodiwa. Alikuwa amefika juzi tu akitokea Rhodesia, na mikono yake ilikuwa bado kule. Floribert akapiga honi, akapiga tena. Alipoona mzungu hapishi, akamkimbia kwa kuingia kushoto. Na saa ileile mzungu akakumbuka yuko nchi gani, akarudi kulia kwake. Wakakutana uso kwa uso.

Floribert alikufa palepale, na watu watatu wa nyuma wakafa, wote watu wa Kasai kama yeye. Mzungu alichanika paji la uso tu. Polisi walipokuja kupima, walikuta kamio liko upande usio wake, na matairi yamechora barabara yote. Wakaandika walichokiona: kosa ni la dereva wa kamio. Waliopona walikuwa wamekaa juu ya magunia wakitazama walikotoka, hawakuona kitu. Aliyeona mwanzo wake alikuwa mtu mmoja tu, huyu aliyekaa mbele yangu na magongo yake.

Nilimwuliza atadai fidia gani kwa mguu na kwa mume. Alinitazama kama nimemtukania mama.

“Baba karani, miye siombi franga,” alisema. “Bantu banasema bwana yangu aliua bantu tatu. Mi nataka juge aandike ku karatasi: Floribert alikuwa ku upande yake.”

Akanieleza mengine kwa sauti ya chini. Ndugu za wale watatu walifika kwenye kilio cha Floribert, wakasimama nje ya lupango, ua wa nyumba yake, bila kuingia, bila kutoa pole, wakamtazama tu mpaka wakaenda. Wanawake waliokuwa wamempa vitambaa awashonee walituma watoto kuvichukua kabla hajavikata. Pale kwenye pompi, akifika na ndoo yake, mazungumzo yanakufa. Nilimwonea huruma, sisemi uongo. Nikajiambia: huyu mama nitamtengenezea dosye ambayo hata shetani hatapata pa kuitoboa.

Nikaanza kujaza. Jina, jina la baba, mahali alipozaliwa. Nilipofika kwenye kabila akanizuia.

“Ile acha,” akasema. “Siku hizi kabila haiko kintu ya kuandika.”

Nilimkaripia. Ndiyo, nilimkaripia mjane mwenye mguu uliovunjika. Nilimwambia dosye bila kabila itarudi, kwamba mimi si karani wa kubahatisha, kwamba sheria ni sheria. Sheria yenyewe haikulazimisha. Ilikuwa desturi ya makaratasi ya Wabelgiji, na mimi niliipenda kuliko Wabelgiji wenyewe. Nikaandika: Muluba wa Kasai. Kwa wino mweusi, herufi zote zimesimama wima.

Halafu ikaja nafasi ya makao. Hapa mtu asiye wa kazi hii anisikilize kidogo. Anayeshitaki huchagua anwani ambako barua za tribinali zitamkuta, na siku zote sisi tuliandika anwani ya Metre, ili barua zitufikie sisi. Metre alinikumbusha jambo hilo asubuhi ileile. Lakini Metre alikuwa anakwenda likizo Ulaya mwezi wa Agosti, ofisi ingefunguliwa siku mbili tu kwa wiki, nami nikaogopa mpeleka barua atakuta mlango umefungwa, tarehe ipite, kesi ife. Nikajiona mwerevu. Nikaandika nyumba yake Martine: Komini Kenya, avenyu fulani, namba arobaini na saba, nyumba ya tatu ukitoka kwenye pompi, mlango wa bluu. Chini yake nikaeleza majeraha: mguu wa kulia, plasta toka paja hadi vidole, itatolewa mwisho wa Septemba, anatembelea magongo.

Nilimsomea. Akasikiliza, akatia sahihi kwa herufi za msichana wa shule. Nikamwambia, na maneno haya hayanitoki kichwani: usihame, mama. Barua isipokukuta, kesi imekufa. Akaniambia hatahama.

Agosti ikaja na vumbi lake na moshi wa majani yanayochomwa. Ikaja na mambo mengine pia. Redioni watu wa Kasai wakaanza kuitwa maadui wa nchi. Katika vitongoji wakaanza kupita watu bila uniforme, wenye kofia za kiraia, wakiuliza nani analala wapi. Mtu alichukuliwa leo Katuba, kesho wawili Kenya, na waliochukuliwa hawakurudi kueleza walikopelekwa. Kisha, kama maji ya mto yanayovunja kingo, watu wa Kasai wakaanza kuhama. Walikwenda kwenye uwanja wa majani nje ya mji, ambako askari wa O.N.U., wa Umoja wa Mataifa, walikuwa wamepiga kambi, wakajenga vibanda chini ya bunduki zao. Walibeba vitanda, walibeba mabati, wakang’oa hata milango wakaibeba kichwani. Ukipita Kenya uliona nyumba zimeachama, avenyu nzima, na mbuzi wakiingia na kutoka.

Nilipita kwa Martine siku mbili baada ya Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya Agosti. Katika safu yake milango yote ilikuwa imeng’olewa, isipokuwa mmoja, ule wa bluu. Yeye alikuwa ameketi ndani na cherehani yake, bila kitu cha kushona. Aliniambia dada yake alikuja na mkokoteni kumchukua na yeye akakataa, dada akalia, akaenda zake. Aliniuliza barua imefika wapi. Nilipaswa kumwambia aondoke saa ileile. Nilikuwa na macho, nilikuwa nimeona ile avenyu. Badala yake nikamwambia avumilie, ni wiki mbili tu.

“Nitabakia,” alisema. “Si weye ulisema nisihame?”

Hasira niliyo nayo juu ya karani yule, na karani yule ni mimi, haijapoa mpaka leo.

Alhamisi ya mwisho ya Agosti nilikwenda kwenye ofisi inayotunza madosye, kuulizia tarehe. Jina la ofisi hiyo sitalitaja. Karani wake, ambaye tulizoeana, hakuniangalia usoni. Kwenye kiti chake alikuwa ameketi mtu nisiyemjua, mwenye kofia ya kahawia, na mbele yake imefunguliwa dosye yangu. Niliujua mwandiko wangu toka mlangoni. Alikuwa anaunakili polepole kwenye daftari la shule, ulimi ukitokeza kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayejifunza.

“Weye njo Chomba?” akaniuliza.

Nikaitika.

“Mwandiko yako iko muzuri. Bengine banaandika sawa kuku. Lakini weye, muntu anafuata karatasi anafika paka ku mulango.” Akageuza ukurasa, akaurudisha. “Hii bleu, iko bleu ya mbingu ao bleu ya uniforme?”

Nikajibu. Nani alinilazimisha? Hakunishika, hakunipigia kelele, aliuliza tu kama mtu anayeuliza saa. Na mimi, mtu wa kutoacha nafasi tupu, mdomo wangu ukajibu kabla sijauambia kitu. Nikamwambia, ya mbingu.

Akaandika. Akafunika daftari, akasema kwamba leo wana kazi Katuba, lakini kesho watakwenda kumwona huyo mgonjwa. Akaniaga vizuri sana.

Wazee husema mdomo huponza kichwa. Mimi mdomo wangu na kalamu yangu viliponza kichwa cha mtu mwingine. Nilitoka pale nikitembea kama mtu mwenye heshima zake mpaka kwenye kona, kisha nikapanda baiskeli na kukanyaga mpaka nyumbani, machozi na vumbi vikinichanganyikia usoni. Nilimkuta Brigitte anapepeta unga. Nikamweleza yote, hata ile ya mbingu. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliuliza swali moja.

“Na mugulu, uliandika?”

Nikasema niliandika.

“Basi ile plasta itatoka leo,” akasema, akaingia jikoni kuchukua kisu na chupa ya siki.

Saa nane mchana tulikuwa kwa Martine. Kumwambia aondoke haikuwa rahisi kama unavyofikiri. Alishika ukingo wa meza ya cherehani akauliza, na barua? Nikazungukazunguka na maneno. Nikasema hali si nzuri, nikasema ni busara kidogo. Akatikisa kichwa: ameshinda wiki tano katika avenyu ya mbuzi akiingoja, hawezi kuiacha sasa imekaribia. Brigitte akanitazama. Ikanibidi niseme.

“Mama, barua haitakuja. Bale bantu njo batakuja. Batafuata karatasi yangu.”

Aligeuka kuutazama mlango. Nje mbuzi alikuwa anakwaruza ukuta.

“Mulango pia uliandika?”

“Niliandika.”

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alinyanyua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka juu ya meza ya cherehani, mbele ya Brigitte, akasema akate.

Plasta ililoweshwa kwa maji ya moto na siki, ikakatwa kidogo kidogo. Ilikuwa bado na mwezi mzima wa kukaa. Mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba kama wa mtoto na rangi ya majivu, na chini ya goti mfupa ulikuwa umeanza kushikana tu. Vipande vya plasta tulivitumbukiza chooni, magongo tukayavunja. Mimi nilitoa karatasi yenye kichwa cha ofisi, na juu ya ile meza nikaandika uongo wangu wa kwanza kwa mwandiko ule mzuri: kwamba mbebaji ni Simone Bwalya, mzaliwa wa Sakania, dada mdogo wa karani Edouard Chomba, amekuja mjini kutembelea ndugu. Nikapiga muhuri wa Metre, alioniachia alipokwenda likizo. Martine hakuchukua nguo wala sufuria. Alichukua kitambaa chekundu tu, kile cha kwenye kioo, ambacho mtu fulani alimletea kutoka kwenye mabaki ya kamio, akakitia kifuani.

Nilimpakia nyuma ya baiskeli kama wanawake wanavyokaa, miguu upande mmoja, kitenge kimeshuka mpaka chini. Brigitte alitembea kando yetu na kikapu cha mboga kichwani. Kizuizi kilikuwa penye reli: pipa moja, mti umelazwa, askari wawili na vijana wanne wenye rungu. Mkubwa wao alisoma karatasi yangu toka juu hadi chini, akairudia. Nilikuwa najua wanaosoma na wanaojifanya kusoma. Huyu alisoma.

“Tunatafuta mwanamuke mumoja wa plasta,” akasema, bila kuniangalia mimi. Alikuwa anatazama kitenge. “Mugulu ya kuume. Huyu dada yako, ashuke. Atembee mpaka ku pipa, arudie.”

Nilitaka kusema ana homa, nilitaka kusema ana mimba, nilitaka kusema kitu. Martine alishanitangulia. Alishuka mwenyewe. Pipa lilikuwa hatua kumi. Nilizihesabu, na bado nazihesabu. Alitembea taratibu, kama mwanamke anayejua anatazamwa na hajali, mkono mmoja ukishikilia kitenge, na kila alipokanyaga ule mguu wa kuume, Brigitte kando yangu alivuta pumzi. Alifika, akagusa pipa, akageuka. Jasho lilikuwa limemjaa juu ya mdomo. Alipomkaribia yule mkubwa, akainama kidogo na kumwamkia kwa Kibemba, lugha yetu ya Sakania, kile cha sokoni Kasumbalesa alichojifunza kwa kuuza magauni:

“Mwashibukeni mukwai.”

Jua lilikuwa la saa tisa, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Askari akacheka. Akamwambia dada wa Sakania wanachelewa kuamka, na yeye akacheka naye. Alicheka, mama yule. Mti ukanyanyuliwa, tukapita.

Tulipopinda nyuma ya ghala akatapika. Nilihisi uzito wake wote umenilalia mgongoni, nikakanyaga taratibu mpaka tulipoona hema za O.N.U.

Kambini watu walikuwa kama siafu, na kila mmoja aliuliza habari za mwenzake. Huko nako kulikuwa na masikio yaliyouza habari nje. Na kulikuwa na jambo jingine alilolikumbuka yeye kabla yangu: familia za wale watatu waliokufa nyuma ya kamio zilikuwa mle mle. Alipoulizwa jina kwenye meza ya kuandikisha, alinitazama kwanza, halafu akasema Simone, akaongeza jina la bibi yake mzaa mama. Aliyeandika hakuuliza zaidi. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kumwacha mtu salama: unaandika kidogo.

Baadaye nilisikia kwamba Ijumaa mlango wa bluu ulivunjwa saa tatu asubuhi. Walikuta cherehani.

Mapigano ya Septemba yakapita, na Oktoba tribinali ikatuita, kwa tangazo lililobandikwa ukutani. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: risasi zinalia wiki hii, wiki ijayo juge anavaa joho lake. Metre alikuwa bado Ulaya. Nilikwenda na barua ya kuomba kesi isogezwe mbele, juge akaisoma na kuikataa. Ukumbini walikuwa watu wachache. Kwenye benchi ya nyuma, kofia yake ya kahawia magotini, alikuwa ameketi rafiki yangu wa daftari. Aliponiona akatikisa kichwa kwa adabu.

Karani wa juge akaita: Martine Kalenga, mjane wa Floribert. Akaita mara ya pili. Watu wakageuka kutazama mlango. Mara ya tatu.

Jueni kilichokuwa mkononi mwangu saa ile. Nikisema yuko wapi, angeweza kuletwa, akaeleza juu ya honi na kitambaa na mikono ya mzungu, na labda juge angeandika lile neno alilolitamani. Na kabla ya kufika mlangoni au baada ya kutoka, angechukuliwa. Nikinyamaza, atabaki hai, na Floribert atabaki muuaji kwenye karatasi ya serikali milele. Juge akaniuliza mimi, karani wa avoka, mteja wenu yuko wapi. Nilijua kambi, nilijua safu, nilijua kibanda, nilijua hata jiwe analokalia jioni. Nyuma yangu nilisikia daftari linafunguliwa.

“Hajulikani aliko,” nikasema.

Wakaniletea karatasi nijaze. Pale penye makao ya sasa niliinua kalamu, nikaishusha mezani bila kugusa chochote. Kabla ya saa sita hukumu ilisomwa: hakuna shahidi, vipimo vya polisi viko wazi, kosa ni la dereva wa kamio, marehemu. Mtu wa kofia alisimama akatoka bila haraka.

Nilimwambia Brigitte sitakwenda kambini, nitatuma mtu. Akaniambia nilikuwa na miguu ya kupeleka karatasi, niwe nayo ya kupeleka na habari hii. Nikaenda Jumapili.

Martine alikuwa ameketi kwenye jiwe lake mbele ya moto, anasonga bukari. Mguu ulikuwa umeshikana vibaya, umepinda nje, na kamwe haukunyooka tena. Kando yake alikuwepo mwanamke mnene mwenye sauti ya ukarimu, jirani wa kibanda cha pili, jina lake Ngalula. Ndiye aliyekuwa akimchotea maji kila siku kwa ajili ya ule mguu, na kumwita mudogo wangu, naye akimwita yaya, dada mkubwa. Nilikuwa nimeamua nimwombe Martine pembeni. Lakini Ngalula alitaka kunijua, na nikiwa natafuta jibu Martine akasema huyu ni baba karani, anafanya kazi na maavoka. Nafikiri alikuwa hawezi kungoja zaidi. Alitaka nilichobeba, palepale.

Ngalula akanikazia macho. Aliniuliza kama ni kweli tribinali ilihukumu ile kesi ya kamio la Kasumbalesa. Mdogo wake wa kiume, Clément, alikufa mle, wa miaka ishirini, alikwenda kununua sabuni. Hawajapata hata siku ya kumlilia vizuri.

Martine hakuinua uso. Mwiko wake ulikuwa umesimama ndani ya sufuria.

“Juge anasema kosa iko ya dereva,” nikamwambia Ngalula, na nilikuwa namwambia mwingine.

Ngalula akapiga makofi mara moja na kufungua mikono. Alisema alijua, kila mtu alijua. Alisema mwanaume yule lazima alikuwa mlevi au ana haraka ya kwenda kwa wanawake, na mke wake, ambaye hata hamjui, maana kilioni walikwenda ndugu wengine, lazima amejificha mahali anakula unga wa watu waliokufa. Alisema Mungu amchome huko aliko. Hakuwa mwanamke mbaya. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Kisha akamgeukia jirani yake, kama mtu anavyomgeukia ndugu.

“Si vile, Simone? Sema weye. Muntu wa vile Mungu atamusamehe?”

Nilitazama chini. Nilisikia moto, nilisikia watoto wanagombania mpira wa matambara nyuma ya vibanda. Nilimsikia akivuta pumzi kama Brigitte alivyovuta pale penye pipa.

“Apana, yaya,” alisema Martine. “Hatamusamehe.”

Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa chekundu, akakikunja mara mbili ili asiungue, akaipua sufuria. Bukari ya kwanza alimwekea Ngalula.